Watafiti wanalalamika tunawakimbia, naomba na sisi tuseme

Ndugu mhariri, kamwene.

Wiki iliyopita gazeti lenu lilitoa habari kwamba watafiti wanalalamika, eti watu wa vijijini huku nyanda za juu kusini siku hizi wakiona gari la projekti linapanda mlima wanafunga milango wanaingia mashambani. Ni kweli sibishi, kuna mzee namjua alikaa kwenye banda la mbuzi asubuhi nzima mpaka gari likaondoka. Ila mwandishi wenu kaandika kama vile shida ni ushamba wetu, elimu ndogo na ushirikina, hapo ndo nikasema hapana hii siiachi, maana mimi nilikuwa upande wa gari. Mimi ndo nilikuwa nawapeleka.

Miaka minne nyuma nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji huku Kilolo. Kitongoji gani sikitaji, sababu nitaisema. Wakaja vijana wanne na Land Cruiser, wapole, wamevaa vitambulisho shingoni, wana tableti na mafaili, wametoka taasisi moja ambayo nayo sitaitaja. Walikuwa wanatafuta kina mama wenye watoto wachanga, utafiti wa afya ya akili, ile huzuni inayomkuta mama baada ya kujifungua, sonona wenyewe wanaiita. Jambo zuri kabisa. Nimeshasimama kwenye makaburi huku nikiangalia watu wanajiuliza "mbona hakutuambia", kwahiyo mtu akija kuuliza habari za moyo wa mtu mimi simfukuzi.

Walihitaji wa kuwaonyesha nyumba na kuwatafsiria, kwa sababu kina mama wengine Kiswahili chao ni cha kuuzia nyanya tu, ukitoka hapo ni Kihehe. Posho elfu kumi na tano kwa siku. Mwaka ule bei ya nyanya ilikuwa imekufa, watu wanamwaga matenga barabarani, nikakubali hata hawajamaliza kuongea.

Sasa sikilizeni nyumba ya tatu. Mama yuko uani anachambua nyanya, mbovu kushoto nzima kulia, mtoto mgongoni. Akatuona, akafuta mikono kwenye kitenge, "kamwene mwenyekiti", akaingia ndani akatoka na kiti kimoja na vigoda viwili, kiti akanipa mimi. Mhariri, pale kwenye kile kiti yule mama alikuwa ameshakubali. Hata kalamu haijatoka mfukoni. Mwenyekiti kaja na wageni wenye gari, wewe unaanzaje kusema hapana?

Fomu ya ridhaa ilikuwa lumbesa. Wakulima wa viazi mnanielewa, gunia limejazwa mpaka likafungwa na kamba juu kama kichwa cha pili, ndo fomu yenyewe ilivyokuwa, kurasa nne za maandishi madogo. Kijana anasoma natafsiri, anasoma natafsiri. Akafika panaposema "umechaguliwa kwa njia ya bahati nasibu", nikatafsiri hivohivo, na jirani aliyekuwa kasimama kwenye ua akauliza kwa nguvu, kashinda nini? Tukacheka. Hakuna aliyesimama kumweleza kwamba maana yake ni majina yalichanganywa likaokotwa moja, na kwamba hajashinda kitu chochote. Jua linapanda, zimebaki nyumba tano. Tukafika pale panaposema kushiriki ni hiari, unaweza kukataa, unaweza kuacha katikati na hakuna huduma utakayonyimwa zahanati, na mimi, hapa ndo panaponinyima usingizi hadi leo, mimi nikasema kwa Kihehe maneno haya tu: wanasema ni mambo ya afya, weka dole gumba hapa.

Pedi ya wino ikafunguliwa. Alikuwa anabonyeza vibaya, dole linatoka nusu, nikamshika mkono mimi mwenyewe nikalizungusha kidogo, likatoka safi lote na mistari yake. Akaenda akafutia wino kwenye gunia. Kwenye karatasi yule mama amekubali kwa hiari yake mwenyewe bila kushurutishwa na mtu, na shahidi amesaini. Shahidi ni mimi.

Maswali yakaanza na mimi bado nimekaa kwenye kiti. Mpwa wangu, binti wa dada, anasoma saikolojia chuo, alikuja kunieleza baadaye kwamba yale maswali tisa yanajulikana dunia nzima, yanatumika tangu 2001, kila swali lina alama kuanzia sifuri mpaka tatu, ukijumlisha yote mwisho ni 27. Katika wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, usingizi vipi, chakula vipi, unajiona umeshindwa maisha. La tisa linauliza kama umewahi kuwa na mawazo kwamba bora ufe au ujidhuru.

Likatafsiriwa la tisa. Mama hakumwangalia kijana, aliniangalia mimi. Kisha akasema hapana, sijawahi. Kijana akabonyeza sifuri kwenye tableti, tukaenda la umri na idadi ya watoto.

Nilijua kwamba sio kweli. Mwezi mmoja kabla ya hapo wifi yake alihamia kwake siku tatu analala naye chumba kimoja kumchunga, na watu wanajua kwa nini. Lakini angejibu nini mbele yangu? Mimi ndo nilisuluhisha kesi yake na mumewe mara mbili. Vikao vya kupitisha majina ya msaada nakaa mimi. Halafu kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwahiyo unamuuliza mtu swali ambalo jibu lake linanuka polisi huku serikali ya kitongoji imekaa kwenye kiti alichokitoa yeye mwenyewe ndani. Kwahiyo hata kama haki ya mama hujali, jali basi hiyo hesabu yako, ile sifuri ni ya uongo na imeingia kwenye kompyuta imejumlishwa na nyingine, na sijui ngapi nyingine ni mimi nimezitengeneza kwa kukaa tu pale.

Jioni nikamhadithia mke wangu kama kichekesho, habari ya bahati nasibu. Hakucheka. Akauliza, sasa mtu akisema ndio kwenye lile swali la kufa, mnampeleka wapi? Nikasema mimi ni wa kuonyesha nyumba. Akaniambia kwahiyo mnafungua kidonda cha mtu mnaangalia mnaandika mnaondoka, akageuza ugali akanyamaza.

Mwezi wa saba mpwa wangu akaja likizo, baridi ile ya kwetu mnaijua, tukakaa na jiko la mkaa mpaka usiku. Nikamhadithia, naye akasema mjomba, ngoja nikupe habari ya Milgram.

Huyu Stanley Milgram alikuwa mwanasaikolojia wa Yale, Marekani, 1961. Alitoa tangazo gazetini mhariri, ndio, kwenye gazeti kama lenu, wanatafutwa watu wa kushiriki utafiti wa kumbukumbu na kujifunza, saa moja, malipo dola 4 na senti 50 za nauli. Ukifika unaambiwa wewe ni mwalimu, mwenzako chumba cha pili ni mwanafunzi, akikosea jibu mpige shoti ya umeme, na kila kosa unapandisha, swichi 30 kuanzia volti 15 mpaka 450. Umeme wenyewe haukuwepo. Yule mwanafunzi alikuwa mhasibu aliyepangwa aigize. Kwenye volti 300 anagonga ukuta, baadaye kidogo kimya. Mshiriki anatoka jasho, anatetemeka, wengine wanacheka kicheko kisichoeleweka, anageuka kuuliza niendelee? Na pembeni kuna bwana kavaa koti la kijivu anamjibu kwa upole tu kwamba utafiti unahitaji uendelee. Katika wanaume 40 wa jaribio lile lililochapishwa 1963, 26 walifika mpaka swichi ya mwisho.

Sasa kilichonipiga mimi ni vitu viwili. Kwanza, wale watu waliambiwa mapema kwamba hela ni yenu kwa kufika tu, yaani mtu angeweza kunyanyuka akachukua dola zake 4 akaenda zake. Ruhusa ya kuondoka ilikuwepo. Lakini wengi hawakuondoka. Pili, yule bwana wa koti hakuwa hata profesa, alikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Koti tu lile. Nikakumbuka kiti changu.

Mpwa wangu akasema wenzake chuoni wakifundishwa Milgram wanafundishwa mambo mawili pamoja, kwamba binadamu anatii kupita kiasi, na kwamba Milgram aliwakosea washiriki wake, aliwadanganya, aliwatesa roho, na kila walipotaka kuacha walisukumwa waendelee. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alimwandikia ukosoaji mkali kwenye jarida. Milgram akajitetea kwamba aliwauliza baadaye na asilimia 84 wakasema wamefurahi kushiriki. Mimi sijaridhika na hiyo. Hata yule mama ukimuuliza leo mbele yangu alifurahi atasema alifurahi.

Kuna na jingine la Stanford, 1971, profesa Zimbardo aliwagawa vijana wa chuo wengine askari magereza wengine wafungwa, chini ya jengo la chuo, iwe wiki mbili. Ikafa siku ya sita. Walioingia kuangalia walikuwa wengi tu na wakanyamaza, ila dada mmoja, Christina Maslach, mtu wa karibu wa huyo huyo profesa, ndo alimwambia unachowafanyia hawa vijana ni kibaya. Nilipofika hapo nikamwangalia mke wangu, alikuwa anasinzia.

Na ile ya Tuskegee, Alabama, hii sio saikolojia ni ya madaktari lakini ndo baba wa yote. Kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi wapatao 600, karibu 400 kati yao wana kaswende, hawaambiwi ugonjwa wenyewe, wanaambiwa mna "damu mbaya", wanapewa chakula cha moto siku za vipimo na ahadi ya gharama za maziko, na penisilini ilipokuja kuwa dawa inayojulikana wao wakaachwa hivohivo ili waangaliwe wanavyokwenda. Rais Clinton aliwaomba radhi 1997, wengi wameshalala. Damu mbaya ile nimeifikiria sana, maana ni neno moja tu limetafsiriwa kivivu. Bahati nasibu. Mambo ya afya. Chakula cha moto kwao, kwetu ilikuwa kipande cha sabuni ya mche na kilo ya sukari, na naomba msinielewe vibaya, mtu akipotezewa siku yake apewe kitu, ila sukari ilikuwa imewekwa juu ya kigoda kabla ya fomu, inaonekana.

Kwa sababu ya mambo kama hayo wakubwa wa dunia waliandika taratibu. Nuremberg 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Hitler, jambo la kwanza kabisa kwenye orodha ni ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe, awe na uwezo wa kuchagua bila nguvu wala ujanja wala shinikizo. Azimio la Helsinki 1964, la chama cha madaktari wa dunia. Ripoti ya Belmont ya Marekani, 1979, ikasema mambo matatu, mheshimu mtu, umtakie mema usimdhuru, na uwe na haki, yaani usiwabebeshe mzigo wa utafiti walewale wanyonge wa kila siku wakati faida inakwenda kwa wengine. Kwetu tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979 ambayo ina kamati ya taifa ya maadili kwa tafiti za afya, tuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ya kutoa vibali, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa 2022. Sheria zipo. Wale vijana wangu walikuwa na vibali vyote, niliviona, mihuri imelala mmoja juu ya mwingine.

Na hapo ndo kwenye tatizo letu sisi ambalo sidhani Wazungu wa Belmont walilifikiria. Kibali kinatoka juu, kinakwenda mkoani kinagongwa, wilayani kinagongwa, kata, mtendaji wa kijiji anagonga, ananipigia mimi simu, "mwenyekiti kuna wageni wa serikali wape ushirikiano". Wageni wa serikali! Hawakuwa wa serikali wala nini. Lakini ombi lililoanza kama ombi, kila muhuri unalifanya zito zaidi, likifika uani kwa mama limeshakuwa amri. Watu watano wenye vyeo wameshakubali kwa niaba yake, kwahiyo dole lake linakuwa la kufunga hesabu tu.

Wasomaji vijana mnaosema haya ni ya kina mama wa vijijini, Januari 2012 Facebook walichezea kwa wiki moja habari wanazoona watu 689,003, wengine wapunguziwe za furaha wengine za huzuni, waone kama nao wataandika kwa huzuni. Hakuna aliyeulizwa. Ilipochapishwa 2014 watu wakaja juu, jibu likawa ulibonyeza nakubali siku unajiunga. Ni dole gumba lilelile.

Watafiti watanijibu kwamba bila mwenyekiti hawapokelewi, na ni kweli tena kweli mbaya. Oktoba 2016 kule Chamwino Dodoma, kijiji kinaitwa Iringa Mvumi, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Watu wamekuja kupima udongo jamani. Kwahiyo siwezi kusema waje kimyakimya, mtu lazima atambulishwe. Ninachosema, nipeleke wageni, nisalimie, niseme mbele ya mama na mbele ya wageni kwamba ukikataa mimi sitakuuliza na sitajua, kisha niondoke. Niondoke kweli, sio nikae nyuma ya nyumba navuta sigara. Mtafsiri awe mtu asiye na cheo pale, ikiwezekana mwanamke, atoke kijiji kingine. Aliyesomewa aulizwe, hebu nieleze wewe umeelewa nini, akishindwa kueleza rudia. Sukari ikae kwenye gari. Na kama unabeba swali la tisa, uwe umeshaongea na mganga wa zahanati kabla hujafika, una jina la mtu na nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, vinginevyo hilo swali liache ofisini kwako.

Nakala ya fomu nayo. Utaratibu ni kwamba moja inabaki kwa mshiriki, ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili ili akiwa na lalamiko apige. Zetu zote zilirudi kwenye gari, nilizibeba mimi kwenye boksi.

Nilikutana na yule mama mwaka jana njiani, katoka kisimani. Yuko vizuri kiasi, mtoto anatembea. Akaniuliza, mwenyekiti, wale vijana walisemaje? Nikauliza vijana gani, ingawa nilijua. Wale wa dole, akasema, yale majibu yangu walisemaje, mimi nina ugonjwa au sina? Miaka mitatu anasubiri majibu, mhariri, kama mtu aliyepimwa damu. Nikamwambia haikuwa kipimo. Akasema, mbona uliniambia ni mambo ya afya?

Uenyekiti nilishaachia. Juzi mtendaji kanipigia kwamba kuna timu nyingine inakuja baada ya mavuno, wanataka mtu mzoefu wa kuwazungusha. Nimemwambia nitawaonyesha nyumba zilipo, kiti nikipewa sikai, na kutafsiri watafute mwingine. Kasema atanirudia, hajanirudia.

Jina langu na namba ya simu nimewaandikia kwenye karatasi ya pili, naomba msivitoe gazetini. Mkinitaja mimi watu wa huku watajua kitongoji, na wakijua kitongoji haitachukua nusu saa kujua ni mama gani.

Msomaji wenu,
Kilolo, Iringa